Utafiti wa makazi na afya ya jamii: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yamelenga zaidi Tanzania, kwa kugusia Kenya na nchi jirani pale taratibu zinapofanana. Jibu lililokwisha kutolewa halirudiwi. Utaelekezwa namba ya swali.

## Misingi

1. Mtafiti wa makazi na afya anafanya nini hasa?

Anachunguza jinsi nyumba inavyomfanya augue au inavyomkinga anayelala ndani yake. Maswali yake ya kila siku ni madogo kuliko watu wanavyodhani. Mbu anapita wapi? Moshi wa kuni unakaa chumbani kwa muda wa saa ngapi? Watu wangapi wanavuta hewa ileile usiku kucha? Sakafu ya udongo imehifadhi nini? Kila swali kati ya hayo linapaswa kuishia kwenye namba inayoweza kupimwa tena na mtu mwingine akapata jibu lilelile.

Kuhusu siku za kazi, usidanganyike na picha za watu waliovaa fulana za mradi chini ya mwembe. Sehemu kubwa ya muda inakwenda kwenye kusafisha data, kuandika maombi ya fedha, kujibu barua za kamati ya maadili na kutafuta gari lenye dereva anayeijua njia ya kijiji wakati wa masika.

2. Anatofautiana vipi na bwana afya?

Bwana afya au bibi afya anasimamia sheria, hasa Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Anaweza kuingia kukagua choo na kutoa amri. Mtafiti anaingia kwa ridhaa ya mwenyeji na hana amri ya kutoa. Akiambiwa atoke, anatoka.

Wenyeji hawaoni tofauti hiyo mara moja. Ukifika mara ya kwanza ukiwa umeongozana na bwana afya, kuku watatolewa chumbani, maji yatafunikwa na jiko la kuni litahamishiwa uani. Utapima nyumba iliyoandaliwa kwa mgeni, siyo ile inayolaliwa. Ongozana na balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa kitongoji, na useme mapema kwamba hakuna atakayetozwa faini.

3. Ni magonjwa gani yanahusika?

Malaria ndiyo inayovuta fedha nyingi kwa ukanda wetu. Kifua kikuu kinafuata msongamano na hewa isiyotembea. Nimonia ya watoto na magonjwa ya mapafu ya akina mama yanafuata moshi. Kuhara na minyoo vinafuata sakafu, maji na choo. Funza wanafuata sakafu ya vumbi. Kuna pia ajali za moto, na joto la usiku chini ya bati, jambo ambalo halijachunguzwa vya kutosha.

Mfano wa karibu kuliko yote ni homa ya papasi, iliyojulikana sana katika nyumba za tembe za Tanzania ya kati. Papasi hujificha kwenye nyufa za sakafu na ukuta, hutoka usiku, hufyonza damu kwa muda mfupi na kurudi ufani kabla mtu hajaamka. Mgonjwa hamwoni mdudu mwilini wala kitandani. Ukimpima damu mgonjwa bila kuichunguza nyumba, utatibu leo na utatibu tena baada ya miezi.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa makazi na afya unaogusa msongamano, baridi, joto, usalama dhidi ya majeraha na nyumba zinazowafaa wenye ulemavu. Usome wote, lakini usiunakili kama ulivyo. Nyuzi joto 18 zinazotajwa humo kama kiwango cha chini cha joto la ndani zilikusudiwa nchi za baridi. Hata hivyo usidhani baridi si suala letu: Makete na Lushoto watu hupika ndani ili wapate joto, na bomba linalotoa moshi linatoa na joto pia. Ndiyo maana majiko mengi ya bomba huko huishia kuzibwa kwa gunia.

## Masomo na kuingia

4. Lazima niwe daktari?

Hapana. Wengi waliomo walisoma afya ya mazingira, takwimu, entomolojia, jiografia, sosholojia au uuguzi. Njia iliyozoeleka ni shahada ya kwanza, mwaka mmoja au miwili ya usaidizi wa utafiti, kisha shahada ya uzamili ya afya ya jamii au epidemiolojia (elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea), kwa mfano katika vyuo vya afya vya MUHAS Dar es Salaam na KCMC Moshi, Makerere au Chuo Kikuu cha Nairobi.

Ukiwa na nia ya kufundisha chuo kikuu Tanzania, linda GPA yako. Matangazo ya kazi kwa kawaida yanataka 3.8 kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa uzamili, na uzoefu mzuri wa uwandani haufuti pengo hilo. Kwa taasisi za utafiti wa afya, kama NIMR (ya taifa) au Ifakara, uwezo wa kuchambua data na kuandika huwa na uzito zaidi.

5. Nimesoma usanifu majengo au uhandisi. Kuna nafasi?

Ipo, na mnahitajika. Watu wa afya wengi hawajui kenchi inakaaje juu ya ukuta, wala kwa nini fundi anaacha mwanya pale juu. Wanaandika tu “nyumba bora” na “nyumba duni”, kana kwamba nyumba ni kitu kimoja. Katika kijiji cha Magoda, mkoani Tanga, wasanifu na watafiti wa malaria walijenga nyumba 6 za mfano zenye kuta zinazopitisha upepo na nyavu za kuzuia mbu, wakapima joto na mbu ndani yake. Kazi hiyo ilizaa nyumba za ghorofa za Mtwara zilizopewa jina la Star Homes: fremu ya chuma chepesi, vyumba vya kulala juu, na nyumba 110 zilizojengwa kwa ajili ya jaribio la nasibu, yaani lile ambalo kura ndiyo inayoamua nani apate nyumba na nani alinganishwe naye. Bila msanifu hakuna jaribio la namna hiyo.

Kinachowakosesha wengi ni epidemiolojia. Msanifu hujenga nyumba tatu nzuri na kutaka kuthibitisha kwamba zimepunguza malaria. Nyumba tatu zinaweza kuonyesha mabadiliko ya joto. Haziwezi kuonyesha mabadiliko ya ugonjwa (swali la 7). Anza na Chuo Kikuu Ardhi, kisha tafuta kozi ya miezi michache ya mbinu za epidemiolojia.

6. Shahada ya uzamivu ni ya lazima?

Kuwa mtafiti mkuu anayeomba fedha kwa jina lake, karibu lazima. Kwa meneja wa data, mratibu wa mradi au mtaalamu wa ramani, hapana, na watu wa kada hizo hukosa kazi mara chache kuliko wenye PhD mpya. Usiianze kabla hujafanya msimu mmoja wa uwandani na kuona kama unaipenda kazi yenyewe au unapenda cheo chake.

7. Takwimu nijue kiasi gani?

Kiasi cha kumkatalia bosi anayetaka sampuli ndogo. Watu wa nyumba moja wanafanana, na wa kijiji kimoja wanafanana pia, kwa hiyo huwezi kuwahesabu kama watu walioteuliwa mmoja mmoja. Kanuni ni hii: chukua idadi ya watu katika kila kundi, toa 1, zidisha kwa kiwango cha mfanano wa watu wa kundi moja, kisha ongeza 1. Jibu unalizidisha kwa sampuli uliyokusudia.

Tuseme kila kitongoji kinatoa watoto 20 na mfanano ni 0.05. Hesabu inakuwa 1 + (19 × 0.05) = 1.95. Kama ulihitaji watoto 400, sasa unahitaji 780. Wanaosahau hatua hii hugundua kosa mwishoni, fedha zikiwa zimeisha.

Kuhusu programu, jifunze moja kwa undani kati ya R na Stata kwa takwimu, QGIS kwa ramani, na ODK au KoboToolbox kwa dodoso la kwenye simu.

## Kazi yenyewe

8. Vibali vinachukuliwa wapi, na kwa mpangilio gani?

Tanzania Bara, pitia kwanza kamati ya maadili ya taasisi yako, kisha kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR. Kibali ni cha mwaka mmoja, kwa hiyo omba upya kabla hakijaisha. Mtafiti kutoka nje anahitaji pia kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kibali cha ukaazi. Zanzibar ina kamati yake, ZAHREC, na cha Bara hakitoshi huko. Kenya, baada ya kamati ya maadili unakwenda NACOSTI, tume ya sayansi ya huko, kwa leseni ya utafiti.

Baada ya hapo barua zinashuka ngazi: mkoa, halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji au mtaa, mwenyekiti, balozi. Usiruke ngazi hata kama Mganga Mkuu wa Wilaya ni rafiki yako. Tenga miezi 3 hadi 6 kwa safari yote hii. Kama ni jaribio la nasibu, lisajili kwenye daftari la majaribio kabla ya mshiriki wa kwanza kuandikishwa. Majarida makubwa hukataa makala ya jaribio lililosajiliwa baadaye.

Majina, picha za vyumba na ramani ya GPS ya nyumba ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya ina ya 2019. Ukihamisha data kwenda chuo cha nje, makubaliano ya maandishi yawepo kwanza.

9. Nyumba inapimwaje?

Kwa kuingia ndani. Anayejaza dodoso akiwa amekaa kwenye kiti cha wageni barazani anaandika mambo ya kusikia.

*Mianya.* Funga madirisha na mlango mchana, zima taa, simama katikati ya chumba dakika moja hadi macho yazoee giza. Kila mahali mwanga unapopenya, mbu anaweza kupenya. Angalia hasa pale ukuta unapokutana na paa, maana ndiyo njia kuu ya *Anopheles gambiae*, mbu wa malaria, kuingia. Usiandike “mwanya upo/haupo” tu. Pima urefu wake kwa utepe, na uhesabu pande ngapi za chumba ziko wazi.

*Nyavu za dirisha.* Matundu yenye upana wa milimita 1.2 hadi 1.5 yanazuia mbu. Pitisha kidole kwenye kingo zote, kwa sababu wavu huwa mzima katikati na umeachia msumari pembeni.

*Mbu.* Mtego wa taa wa CDC, wenye feni inayoendeshwa kwa betri, hutundikwa upande wa miguu wa kitanda ambacho mtu amelala ndani ya chandarua, mita 1.5 hivi kutoka sakafuni, tangu jioni hadi alfajiri. Betri ikiisha saa nane usiku, feni inasimama na mbu waliokwisha kunaswa wanatoka. Kabla ya kuandika sifuri asubuhi, hakikisha feni bado inazunguka. Isipozunguka, andika “imeharibika”.

*Moshi.* Kipima chembe ndogo sana za moshi (PM2.5) kinakaa mita 1 kutoka ukingo wa jiko, kama mita 1.5 kutoka sakafuni, na mita 1.5 au zaidi kutoka mlangoni na dirishani. Vifaa vya bei nafuu vinavyotumia mwanga hutia chumvi hewa ikiwa na unyevu mwingi, na pwani yetu unyevu haukosi. Pima sehemu ya nyumba kwa kichujio kinachopimwa uzito maabara, usahihishe hesabu kwa hicho.

*Mzunguko wa hewa.* Tumia kipima hewa ukaa. Kipandishe kiwango chumbani, wote watoke, kisha rekodi jinsi kinavyoshuka. Toa kiwango cha nje kwenye kila namba, gawanya ya mwanzo kwa ya mwisho, chukua logi asili, gawanya kwa saa zilizopita. Kikishuka kutoka sehemu 2,000 kwa milioni hadi 1,000 ndani ya dakika 20, na nje ni 420, unapata logi ya 1,580/580, yaani 1.0, gawanya kwa theluthi ya saa: hewa inabadilishwa mara 3 kwa saa. Chumba cha kuwatenga wagonjwa wa kifua kikuu hospitalini hutakiwa mara 12. Pima usiku madirisha yakiwa kama wanavyoyaacha wenyewe, maana mchana kila dirisha liko wazi.

*Msongamano.* UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, inahesabu watu zaidi ya 3 kwa chumba kuwa ni msongamano. Uliza nani alilala hapa usiku wa jana, wapi, na kwenye kitanda kipi. Swali la “mnaishi wangapi?” linakuletea na mtoto aliyeko bweni.

10. Kwa nini msilinganishe tu watu wa nyumba za bati na wa nyumba za nyasi?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na mtafiti hupimwa kwa jinsi anavyolijibu. Mwenye bati ana bati kwa sababu ana kipato. Kipato hichohicho kinamnunulia chandarua, kinampeleka zahanati mapema, na mara nyingi kinamweka karibu na barabara, mbali na bonde la mpunga. Ukikuta watoto wake wana malaria kidogo, huwezi kujua kama ni bati, chandarua au bonde.

Uchambuzi wa tafiti 29 za kitaifa kutoka nchi 21 za Afrika, uliochapishwa 2017, ulijaribu kuondoa tofauti za mali kwa hesabu, ukaona uwezekano wa mtoto kuwa na vimelea ulikuwa chini kwa asilimia 9 hadi 14 katika nyumba za kisasa. Ni ushahidi mzuri, lakini kipimo cha mali katika tafiti za namna hiyo mara nyingi hujumuisha sakafu na paa lenyewe. Ukitumia faharasa ya utajiri yenye bati ndani yake kusahihisha athari ya bati, umelifuta jibu lako kwa mkono wako. Tengeneza faharasa nyingine isiyo na vitu vya nyumba: mifugo, simu, pikipiki, ekari.

Njia imara zaidi ni kubadilisha nyumba kwa bahati nasibu. Gambia, jaribio la nyumba 500 lililochapishwa 2009 liliweka nyavu milangoni, madirishani na kuziba mianya, au dari ya wavu, na uwezekano wa upungufu wa damu kwa watoto ukashuka kwa karibu nusu. New Zealand waliweka vizuia baridi katika kaya 1,350 kwa mpangilio wa nasibu.

Pale ambapo huwezi kugawa kwa bahati nasibu, tafuta mpaka. Mexico, mpango wa Piso Firme uliweka sakafu za saruji bure katika jimbo la Coahuila, na mji wa Torreón ukalinganishwa na miji pacha iliyo ng'ambo ya mpaka wa jimbo ambayo haikupata. Watu walewale, hali ya hewa ileile, tofauti ni mpango. Ukisikia halmashauri mbili jirani, moja ina mradi wa kuboresha makazi na nyingine haina, kimbia ukachukue takwimu za mwanzo kabla saruji haijafika.

11. Uwandani huharibika nini zaidi?

Vifaa vidogo vya kurekodi joto hupotea. Watoto huvichezea, au mama huvihifadhi sandukuni visiharibike, na grafu inaonyesha joto la sanduku. Vibandike juu ya kimo cha mtoto, mbali na ukuta unaopigwa na jua, na kabla ya kuvisambaza viweke vyote pamoja saa 24 uone kama vinakubaliana.

Kipimo cha haraka cha malaria kinaendelea kusoma chanya kwa wiki kadhaa baada ya matibabu, kwa hiyo kesi moja inaweza kuhesabiwa mara mbili. Kingine ni nyumba kubadilika katikati ya utafiti: baada ya mavuno watu huezeka bati. Rudia ukaguzi wa nyumba kila msimu.

12. Dodoso la Kiswahili lina mitego gani?

“Jiko lako liko wapi?” Jiko ni chombo na jiko ni chumba, uliza “mnapikia wapi?” na “mnapikia nini, kuni, mkaa au gesi?” kila moja peke yake. “Dari” kwa wengi bara ni ile iliyo chini ya paa, lakini pwani inaweza kuwa ghorofa ya juu. “Dirisha lina wavu?” wengine watajibu ndiyo kwa wavu wa chuma wa kuzuia wezi, ambao mbu anapita akiimba. Na “homa” si “malaria”, ingawa nusu ya kijiji itakwambia ni kitu kimoja.

## Maadili na makubaliano

13. Kaya ikiwa ni ya wapangaji, nani anatoa ridhaa?

Wote wawili, kwa mambo tofauti. Mpangaji anaridhia kupimwa yeye na watoto wake. Mwenye nyumba anaridhia ukuta na dirisha kuguswa. Nyumba za Kiswahili zenye korido katikati na wapangaji sita zina milango sita ya ridhaa, na anayekataa chumba chake hakiguswi hata kama vingine vitano vimekubali.

Hatari kubwa ni kodi. Ukimwekea mwenye nyumba nyavu na sakafu, anaweza kupandisha kodi na mpangaji akahama, yaani utafiti umemfukuza mshiriki wake. Andikishaneni kabla ya kazi kwamba kodi haitapanda katika kipindi cha utafiti, shahidi akiwa mtendaji wa mtaa.

14. Kaya ambazo hazikuteuliwa zinaambiwa nini?

Ukweli, mbele ya wote. Bahati nasibu ifanyike hadharani kwenye mkutano wa kijiji, mtoto achomoe karatasi. Ikichezeshwa ofisini, itasemwa mwenyekiti alichagua ndugu zake, na hutaweza kuthibitisha kinyume. Pale inapowezekana, bajeti iwe na maboresho ya kundi linganishi mwisho wa mradi. Usiahidi hilo kabla mfadhili hajasaini.

15. Nikikuta mtoto mgonjwa au ukuta unaotaka kuanguka?

Mpango wa rufaa uwe umeandikwa kwenye protokali: zahanati ipi, nauli ya nani. Ukuta wa hatari mwambie mwenye nyumba siku hiyohiyo. Kuendelea kuhesabu watu wanaolala chini yake kwa sababu “ni kundi linganishi” hakuna kamati itakayokutetea.

## Fedha na ajira

16. Ajira ikoje?

Mikataba ya mradi, mingi ya mwaka mmoja hadi mitatu. Vyuo vikuu vya umma vinatoa ajira ya kudumu kwa kipato cha chini kidogo kuliko miradi. Uliza mapema kama mkataba una michango ya hifadhi ya jamii na bima ya afya, na kama posho ya uwandani imetajwa kwa maandishi.

17. Fedha za utafiti zinatoka wapi?

Kwa wafadhili wa nje kama Wellcome ya Uingereza, EDCTP ya Ulaya na NIH ya Marekani, na serikali kwa kiasi kidogo kupitia COSTECH. Mwaka 2025 USAID, shirika la misaada la Marekani, ilifungwa, na miradi mingi ya afya ikasimama katikati ya kazi. Usijenge timu nzima juu ya mfadhili mmoja. Makazi yana bahati moja: unaweza kuomba kwa dirisha la malaria, la tabianchi au la nishati safi ya kupikia, ambako Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya wananchi kufikia 2034.

## Hali za pembeni

18. Nikipata matokeo kwamba nyumba haikusaidia?

Chapisha. Gambia hiyohiyo, jaribio la baadaye lililochapishwa 2021 lilikuta kuezeka bati, kuziba mianya na kuweka nyavu hakukuongeza kinga dhidi ya malaria kwa watoto waliokuwa tayari wanalala kwenye vyandarua vyenye dawa. Malawi, jaribio la majiko yenye moshi mdogo halikupunguza nimonia ya watoto. Kabla hujaandika “haifanyi kazi”, angalia kama kifaa kilitumika kweli na kama moshi au mbu walipungua chumbani. Vikiwa havikupungua, umejifunza kuhusu kifaa hicho, bado hujajua lolote kuhusu hewa safi.

19. Nyumba za hifadhi, kama Mji Mkongwe wa Zanzibar?

Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000. Kubadilisha dirisha au paa kunapitia Mamlaka ya Mji Mkongwe, pamoja na vibali vya swali la 8. Fikiria wavu unaoondoleka, unaokaa upande wa ndani wa dirisha la mbao.

20. Niko Ulaya au Marekani. Naweza kufanya kazi hii bila kurudi?

Uchambuzi wa data, ndiyo. Tafiti za kitaifa za afya na malaria zinapatikana kwa kujisajili na kueleza matumizi, na zina taarifa za paa, ukuta, sakafu na nishati ya kupikia. Nyingi hazina taarifa za mianya, nyavu za madirisha wala joto la usiku, na GPS zake zimesogezwa makusudi hadi kilomita 2 mjini na 5 vijijini, chache hadi 10, kwa hiyo usizitumie kupima umbali wa nyumba hadi kwenye dimbwi.